Mheshimiwa kasafiri, nani kamlipia?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikisomesha darasa la nne, na sijapata kukuandikia hata mara moja. Nilikuwa nikinung'unika barazani, kahawa ikiisha na mambo yameisha. Lakini habari yako ya wiki iliyopita, juu ya wabunge wa Marekani wanaolipiwa safari na watu binafsi, imenishinda. Si kwa mlichoandika, bali kwa pale mlipokatia. Mmetueleza vizuri yule Abramoff, aliyekuwa akilipwa kuwashawishi wabunge, alivyompeleka mbunge Bob Ney kucheza gofu Scotland mwaka 2002, na Ney baadaye akahukumiwa miezi 30 jela. Sheria ikakazwa 2007. Nao kule wana Baraza la Wawakilishi, jina moja na letu la Zanzibar, na wa kwao akitaka kulipiwa safari anaomba kwanza ruhusa ya kamati ya maadili, akirudi ana siku 15 za kueleza nani katoa na kiasi gani. Wasaidizi wake vivyo hivyo. Karatasi zenyewe zinawekwa wazi, hata mie wa Konde naweza kuzisoma kwenye simu ya mjukuu wangu. Kisha mkatia nukta, kama kwamba Chukwani, linapokaa baraza letu, hakuna apandaye ndege!

Mwaka juzi mvua za masika ziling'oa mabati ya skuli yetu, madarasa mawili yakabaki wazi. Nikenda afisi ya jimbo. Kijana wa mezani akanambia, "Mwalimu, Mheshimiwa kasafiri." Wapi? "Nje." Kwa shughuli gani? "Ziara ya mafunzo." Nani anagharamia? Akacheka, akanivutia kiti. Wiki ya pili nikarudi, kijana mwenyewe hayupo, naye kafuata huko huko. Wiki ya nne namkuta kang'aa, begani mkoba mpya wa turubai, umetariziwa kwa uzi wa buluu jina la kampuni ya kujenga mahoteli. Nikamwambia, mkoba mzuri mwanangu. "Tuligaiwa, Mwalimu, kila mtu na wake." Haukupita mwezi wakaja watu na kamba za kupimia kule pwani wanakoanika mwani kina mama, kofia zao zina jina lile lile kwa uzi ule ule wa buluu. Mie sisemi kitu. Pengine ni sadfa. Lakini mtu asipoambiwa hujijazia mwenyewe, na kijijini kwetu watu wamejijazia mengi mno, mengine huenda ni kumdhulumu Mheshimiwa wa watu. Mstari mmoja wa maandishi ungemsafisha. Mabati tuliezeka wenyewe kwa mchango.

Mie nikichuma karafuu, wachumaji nawaandikia pishi zao daftarini. Nikipeleka kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, gunia linapimwa mbele ya macho yangu na risiti naandikiwa. Nikithubutu kuvusha gunia moja kwa ngalawa usiku, nishakuwa mtu wa magendo. Yaani karafuu ya Pemba haisogei bila ya karatasi, lakini mtu mzima na mkoba wake anavuka bahari, analala hoteli, anarudi, na anayeuliza anapewa kiti. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tunayo tangu 2015, na fomu za mali na madeni zipo. Mie naulizia tiketi.

Na maadam tumefika kwenye tiketi, hizi siti za mbele kwenye boti zinazowekwa "za wakubwa" ni za nani? Mwezi uliopita kutoka Mkoani hadi Unguja zilikwenda tupu zote, na mama mwenye kichanga kaketi chini karibu na mashine, moshi wote wake. Nilipouliza nikaambiwa wakubwa wameghairi. Basi si akae mtoto?

Shauri langu ni dogo. Hamtaki intaneti, sawa. Tundikeni ubao mweusi bandarini Mkoani, pale abiria wanapopanga foleni, upigwe mistari mitano: jina, nchi, kalala siku ngapi, nani kalipa, nani kabeba mkoba. Chaki isiwe udhuru. Ninalo boksi zima nililobaki nalo nilipostaafu, nyeupe nyingi na za buluu kidogo. Za buluu tuwawekee wenye mahoteli.

Mwalimu mstaafu,
Konde, Pemba