Methotreksati ni ya Jumapili tu

Kisumu, Jumapili jioni

Atieno mwanangu,

Juzi ulilia kwenye simu kwamba wiki ya tatu imeisha na vidole vyako asubuhi bado vimekakamaa, na kwamba sasa utameza methotreksati kila siku, badala ya Jumapili tu, ili baridi yabisi iishe upesi. Chaji ikaniishia kabla sijakujibu. Tafadhali, usithubutu.

Mimi yalinikuta. Nilipoanza, duka moja la dawa liliniandikia "kila siku" kwenye bahasha, badala ya mara moja kwa wiki. Baada ya siku chache mdomo ulijaa vidonda, hata uji haukupita, nikalazwa. Daktari alijua nauza omena soko la Kibuye, kwa hiyo alinieleza kwa mfano wa matatu.

Seli ina utando, na utando una milango ya protini. Mlango mmoja una makanga anayepakia foleti, ile vitamini iliyomo kwenye sukuma wiki na maharagwe. Methotreksati imefanana na foleti, basi makanga anaipakia bila kuiuliza, kumbe ndani inaizuia foleti kufanya kazi. Ikishaingia, seli huipachika mkia wa glutameti, kijenzi kimoja cha protini, na mkia ukirefuka, kutoka ni shida, kama abiria aliyerundikiwa magunia mapajani. Kwenye damu dawa hupungua haraka. Ndani ya seli hukaa wiki nyingi, ikiongezeka polepole. Kwa hiyo nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, nawe uko ya tatu! Na seli za mdomo na za uboho, zinazogawanyika upesi, zina makanga yuleyule. Ukimeza kila siku, hizo ndizo huumia kwanza.

Ipo pia milango ya kusukuma dawa nje, nayo hutofautiana mtu na mtu, kwa hiyo usijipime na mimi.

Asidi ya foliki, ile foleti ya vidonge, meza siku alizokupangia daktari. Kipimo cha damu usikiruke. Mimba isiingie kabisa wakati huu; hilo nalisema mara moja, usinikasirikie. Ukipata kikohozi, usinunue Septrin, ile antibiotiki, kienyeji: inaipinga foleti vilevile, na inaizuia figo kuitoa methotreksati. Mwambie muuza dawa unachotumia.

Shangazi yako anasema mwarobaini unatosha. Mwitikie tu, lakini dawa usiache.

Kesho nampa dereva wa matatu ya asubuhi ya Nakuru omena kilo mbili. Umngoje stejini, na uje na mtu wa kukubebea.

Mama