Mama, maji yalipita mlango wa nyuma

Suwaiq, Oman. Jumamosi usiku, 2 Oktoba 2021

Assalaam aleikum mama, shikamoo. Najua ushaonyeshwa mapicha ya kimbunga kwenye simu za watu na ushaanza kulia, basi nakuandikia mapema kabla umeme haujakatika. Mimi mzima, Ami mzima, na Bibi mzima anagombana na kila mtu, ndo utajua kweli mzima.

Na usinambie habari za Jobo. Najua ile Aprili, Ramadhani, tuliambiwa kimbunga kinakuja huko Unguja watu wakafuturu huku wanasikiliza madirisha, mwisho kikafifia kabla hakijafika na kaka akacheka wiki nzima. Hata mimi juzi nilikuwa nacheka hivohivo. Nimeacha leo mchana.

Hichi wanakiita Shaheen, yaani kozi, yule ndege wa kuwindia. Kilianzia Ghuba ya Bengal huko kikiitwa Gulab, kikaipasua India mashariki mpaka magharibi kikachoka, kikatumbukia bahari ya upande wetu kikapata nguvu mpya wakakipa jina jingine. Kama mtu kakimbia madeni Pemba akaja mjini anajiita jina jipya. Vimbunga huku si vigeni lakini vingi vinapiga kusini, Mekunu ya 2018 ilipiga kule Salala, sisi wa Batina, pwani ya kaskazini, hatujazoea kabisa kupigwa uso kwa uso. Serikali imetangaza kesho na keshokutwa mapumziko, kazi hakuna skuli hakuna, na skuli nyengine zimefunguliwa watu wahamie.

Sasa mama ungeuona mji leo. Toka alfajiri foleni ya petroli imefika barabarani, dukani boflo zimekwisha saa tatu, maji ya chupa yamekwisha, mishumaa hata ya keki ya besdei imenunuliwa. Wavuvi wamefunga maboti kwa kamba nyuma ya pikapu wanayaburura mpaka ng'ambo ya barabara kuu, boti zinakwaruza lami utasema wanachinja chuma. Jirani yetu kapakia mbuzi kumi na mbili na ng'ombe mmoja kwenye pikapu moja, ng'ombe kachungulia dirisha la dereva, hapo hata Bibi alicheka. Gari nyingi zimepelekwa kuegeshwa sehemu za juu juu.

Sisi nyumbani nilipanda juu ya paa na yule kijana wa Bangladeshi anaemfanyia Ami shamba. Paa za huku bapa kama sakafu mama, si bati, kwahivo maji yakikosa pa kutokea yanakaa juu yanakuangukia sebuleni. Tukazibua matundu, tukatoa majani ya mtende, kiota cha njiwa na ndala moja ambayo hakuna anaejua ya nani. Dishi la tivii tukalilaza. Tangi la maji nilitaka nilimwage liwe jepesi, kijana akanizuia, anasema kwao vimbunga kila mwaka, tangi tupu linaruka, tangi lijaze mpaka juu liwe zito. Nikamheshimu palepale. Halafu tukajaza mchanga kwenye yale magunia ya mchele wa basmati yenye zipu, tukayapanga mlango wa mbele unaoelekea baharini.

Hapo ndo vita vilipoanza. Bibi katoka na bakora yake akasema mnaziba mlango gani nyie, bahari unaisikia ikija, wadi huisikii. Wadi mama ni mto mkavu, mwaka mzima vumbi na mbuzi, lakini mvua ikipiga milima ya Hajar huko nyuma unakuja ukuta wa maji na magogo. Bibi alikuwa Maskati, mtaa wa Qurm, kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, anasema watu waliangalia bahari wakasahau migongo yao, na yeye akapoteza picha zote za Unguja, hata ya harusi. Ami akamjibu mama hapa wadi iko mbali. Bibi akasema haya. Ile haya yake ndo inaniogopesha.

Sasa hivi yuko jikoni anapanga makaratasi kwenye presha kuka. Wallahi. Paspoti zetu, milki za nyumba, vyeti vya kuzaliwa, picha mbili tatu alizopewa na ndugu baadae, kazikunja kwenye nailoni akazitia ndani akabana mfuniko. Namuuliza Bibi ndo nini, ananambia hii hautoki mvuke, maji yataingiaje? Sina jibu.

Upepo bado. Bahari tu imebadilika sauti. Nitaendelea.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mama, samahani, simu zilikufa tokea Jumapili usiku na umeme wetu umerudi jana. Najua ulimpigia kila mtu mpaka yule rafiki yangu wa Sohar ambae hata simu yake hapokeagi.

Kiliingia Jumapili jioni hapahapa petu, baina ya Musanna na Suwaiq. Upepo ulikuwa wa kutisha, siongopi, lakini upepo hatukuuona cha maana, mitende miwili na ukuta wa jirani. Mlango wa mbele ulikaa mkavu mpaka usiku wa manane, magunia yetu yamepangika vizuri kama watoto wa skuli. Maji yakaja nyuma. Kwanza nilisikia mapipa ya takataka yanagongana, halafu mlango wa jikoni ukavimba, ukafunguka wenyewe, yakaingia maji ya rangi ya chai ya maziwa na matope na ndimu za shambani zinaelea. Tulimbeba Bibi na kiti chake mpaka ghorofani, mimi, Ami na kijana, na Bibi njia nzima hakusema hata neno moja, ingekuwa afadhali agombe. Ami hakumtazama usoni mpaka asubuhi.

Khaboura, jirani zetu, wamepima milimita 369 za mvua, na huku mwaka mzima kwa kawaida hata 150 hazifiki, kwahivo hebu piga hesabu mwenyewe. Wamekufa watu zaidi ya kumi, Allah awarehemu, baadhi yao hapa Batina. Mbuzi wa jirani wote salama. Ng'ombe pia.

Jana Ijumaa ndo nilitaka ungekuwepo. Watu wamekuja toka Maskati, toka Nizwa, mabasi na mapikapu, vijana wasiotujua hata majina, na fagio na makoleo na masufuria ya wali, wakaingia nyumba kwa nyumba kutoa matope. Mmoja kamkuta Bibi anazungumza Kiswahili na mimi akaangusha koleo, kumbe bibi yake nae kazaliwa Unguja, wakakaa wanaulizana mitaa mpaka mwenzake akaja kumkamata mkono akamwambia kazi bado.

Presha kuka tuliikuta stoo, inaelea pembeni ya friji lililolala chali. Ami ndo aliifungua. Makaratasi makavu kabisa mama, isipokuwa ncha ya picha moja. Bibi akazipokea, akazihesabu, akamwambia Ami: sasa kanitafutie maharage.

Hapo Jang'ombe mvua za vuli ziko mlangoni. Mwambie kaka ule mtaro wa nyuma, si wa mbele, wa NYUMA, alioufanya jaa lake la vifuu, auzibue wiki hii. Friji lipandishwe juu ya matofali. Na cheti changu cha form foo kiko kwenye lile begi chini ya kitanda, kitoe, presha kuka unayo.

Ukipiga piga namba ya Ami, simu yangu iko ndani ya mchele siku ya nne na haijaonyesha dalili.

Mwanao