Usiku wa kwanza tutakula wapi

Wapendwa, habari za jioni. Wengi mmeniuliza tutakula wapi tukishafika. Sijaweka nafasi popote, na nimefanya hivyo makusudi.

Mikahawa ya mstari wa mbele, ile yenye meza zinazotazama maji, mara nyingi tunalipia mandhari kuliko chakula. Tukae pale tunywe kitu cha baridi jua likizama, kisha tusogee mtaa mmoja au miwili nyuma. Tutafute palipojaa wenyeji, penye menyu fupi.

Samaki ndiyo hamu yetu kubwa, kwa hiyo hapo msione haya. Ombeni mwonyeshwe kabla hajapikwa. Jicho liwe angavu na limetokeza, ukifunua mashavu ndani kuwe kwekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi palepale. Jodari aliyekaa kwenye joto mimi simgusi kabisa: histamini, kemikali inayotokea samaki akianza kuharibika, ikishajijenga ndani yake haitoki hata apikwe vipi, na inaweza kukuwasha mwili mzima na kukuumiza kichwa.

Akiuzwa kwa uzito, apimwe mbele yenu na bei itajwe kabla hajaingia jikoni. Safari iliyopita tulinyamaza; bili ilipofika meza nzima ilipoa, na iliniuma kwa sababu nilikuwa nimewapeleka mimi.

Mwenye mzio wa kamba, kaa au chaza aniandikie pembeni kabla ya Alhamisi, tafadhali. Hata akiagiza viazi, huenda vikakaangwa kwenye mafuta yaleyale.