Barua kwa mdogo wangu anayetafuta wazo la kuandika

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama mdogo hajambo? Orodha yako imenifikia na nimeisoma yote: rushwa, mapenzi ya mtandaoni, mirathi, vijana na ajira, mafuriko ya Jangwani, maisha ya Kariakoo. Unauliza lipi umpelekee mchapishaji kama riwaya, na lipi uliandike kama insha ya maisha yako. Nakujibu hadharani kwa sababu swali hili naulizwa na vijana wengi wa hapa Dar wanaoandika, na karibu wote wamekwama palepale ulipokwama wewe.

Hizo zote ni mada. Mhariri akisoma "riwaya kuhusu mirathi" haoni mtu, haoni nyumba, hasikii ugomvi, na hana sababu ya kukuomba sura ya kwanza. Na "maisha ya Kariakoo" ni maisha ya nani? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Mimi nataka kumjua mmoja tu, anataka nini, na nani amemkalia njiani.

Unayakumbuka magazeti aliyokuwa akirudi nayo baba mdogo jioni? Ukurasa uliogombewa ndani ya nyumba ulikuwa wa hadithi, na kila wiki ulikatika mahali pabaya kwa neno lilelile: Itaendelea. Leo hadithi za namna hiyo zimehamia Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp, na msomaji anatuma hela kwa simu ili apate sehemu inayofuata. Wapo wasomi wanaozibeza. Mimi naziheshimu sana, maana waandishi wake wanajua kitu ambacho wengi wetu hatufundishwi darasani: kwamba msomaji hana deni na wewe, na kila unaponyanyua kalamu lazima umwachie sababu ya kurudi. Kwa hiyo kila wazo la riwaya nalipima hivi: naweza kuandika "itaendelea" mahali pangapi? Nikipata pengi, na kila mahali pana jambo jipya, hiyo ni riwaya. Nikipata mahali pamoja au pawili, ni hadithi fupi. Nisipopata hata mahali pamoja, na bado jambo lenyewe linaninyima usingizi, basi huenda ni insha.

Tuichukue mirathi, kwa kuwa naiona ina uhai kuliko zote ulizonitumia. Pita Kariakoo mitaa ya ndani, kule ambako bado zimesalia nyumba za zamani: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani na choo nyuma. Kila iliyobaki imebanwa na maghorofa. Nyingi ya nyumba hizo aliziacha babu wa mtu. Warithi wametawanyika, mmoja Tabata, mwingine Mbagala, mwingine Muscat. Anakuja mwekezaji na maneno matamu: nipeni kiwanja, mimi nitajenga, ninyi mtachukua ghorofa kadhaa na zilizobaki ni zangu. Ili nyundo ya kwanza ipige ukuta, warithi lazima wawe kitu kimoja. Ukoo unakaa kikao, unateua msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao unapelekwa mahakamani pamoja na majina ya warithi, msimamizi anathibitishwa. Hadi hapo hakuna riwaya, ni utaratibu tu ambao familia nyingi za mjini zinaujua.

Sasa muweke shangazi. Ni mtoto wa mwisho wa marehemu, na ndiye pekee anayeishi bado ndani ya nyumba ile. Alfajiri anachoma vitumbua barazani. Chumba cha mbele amempangisha fundi cherehani. Shangazi hataki kusaini. Ndugu wanasema ana tamaa, anataka fungu kubwa. Hawajui anachokijua yeye: kwamba fundi yule ni mtoto wa baba yao, aliyezaliwa katika ndoa ambayo marehemu aliifunga kimyakimya Bagamoyo. Jina la fundi halimo kwenye orodha ya warithi. Shangazi akisaini, amemfuta ndugu yake. Akisema, amemvua baba yao nguo mbele ya ukoo mzima, na mama yao mzazi yu hai, anakaa kwa yule wa Tabata.

Umeona jinsi inavyokatika yenyewe? Kikao kinakaa, majina yanasomwa moja moja, shangazi ameinamisha kichwa: itaendelea. Mwekezaji anamfuata kaka mkubwa kwa mlango wa nyuma, anampa kishika uchumba: itaendelea. Fundi anaambiwa ahame chumba, anajibu kwamba kodi yake marehemu mwenyewe ndiye aliyekataa kuipokea miaka yote: itaendelea. Shahidi wa ndoa anapatikana Bagamoyo, mzee sana, na anachokumbuka kinapishana na anachokijua shangazi. Mimi hapo tayari nataka kununua kitabu.

Andika hayo kwa sentensi mbili, ndizo zitakazotangulia kwenye barua yako kwa mchapishaji: "Mwanamke wa Kariakoo anakataa kusaini makubaliano ya kuivunja nyumba ya baba yake, na ndugu zake wanamwita mchoyo. Anachokijua yeye peke yake ni kwamba fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele ni ndugu yao halali, na saini yake itamfuta." Neno "mirathi" halimo. Halina haja ya kuwemo. Na tafadhali usimalizie na "riwaya hii inafundisha jamii umuhimu wa kuandika wosia". Najua shuleni tulizoeshwa kutafuta funzo kabla ya kitu kingine chochote, na najua kwa nini unahisi bila funzo hutaonekana mwandishi wa maana. Mwachie msomaji hiyo kazi. Akishamlilia shangazi atajua mwenyewe la kufanya na hati zake.

Ukikosa pa kuanzia, tazama mahali ambapo jiji limebadilisha utaratibu, kisha uliza nani alikuwa anakula kwa utaratibu wa zamani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, daladala za Kimara kwenda mjini ziliondolewa Barabara ya Morogoro. Makonda, wapiga debe, mama lishe wa vituoni, matajiri wenye daladala waliokuwa wakingoja hesabu kila usiku, wote walilazimika kujipanga upya. Treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, kuna mtu kwenye mabasi aliyehesabu viti vitupu. Lakini angalia: konda kupoteza njia ni hali, bado si wazo. Mpe binti aliyeajiriwa kukata tiketi kwenye kituo cha mwendokasi, palepale baba alipokuwa akiita abiria, na baba huyo ameapa hatapanda basi lile maisha yake yote. Hapo kuna kitu. Mimi naona "itaendelea" mbili, kwa hiyo ningeiandika hadithi fupi. Wewe ukiona ya tatu na ya nne, nitafurahi kuwa nimekosea.

Mapenzi ya mtandaoni na rushwa viweke kando kwa sasa. Si vibaya, ila bado hujanionyesha mtu.

Nije kwenye insha, maana hapo ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi. Wengi wanadhani kuandika habari zako mwenyewe ni majivuno au ni jambo la kigeni. Shaaban Robert aliandika insha, na aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, naye alifariki 1962. Njia imechimbwa zamani. Insha haina haja ya "itaendelea". Inahitaji swali ambalo wewe mwenyewe unapoanza kuandika huna jibu lake, na kitu kimoja cha kushikika cha kuliulizia.

Umeandika "mafuriko ya Jangwani". Desemba 2011 Mto Msimbazi ulipofurika, watu walipoteza ndugu na nyumba, na baadaye familia nyingi za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Hayo yameandikwa magazetini na yataandikwa tena. Ya kwako uliniambia kwa kupita tu, siku tunamenya viazi: kwamba maji yalipoingia ndani, kitu cha kwanza mama mdogo alichokiokoa kilikuwa daftari la mchezo wa kupeana fedha. Picha za harusi zilibaki ukutani. Yeye alibeba daftari.

Nimeliona daftari lile. Ni la kaunta, jalada gumu, kona zimevimba kwa unyevu. Majina ya akina mama wa mtaa yamepangwa kwa wino wa bluu, na mbele ya kila jina vema zinakwenda kulia, siku baada ya siku. Pale mtu alipopokea, duara limezungushwa kwa kalamu nyekundu. Lilikuwa limefungwa ndani ya rambo mbili, fundo juu ya fundo. Mama mdogo alikuwa kijumbe. Unajua maana yake: kila mtu anatoa kiasi chake kwa siku, zamu ikifika anapokea fungu lote, na kijumbe ndiye anayekusanya, anayetunza orodha na anayefuatwa mlangoni mtu akishapokea na kutoweka. Pesa za simu zilishaingia nchini tangu 2008, lakini mchezo wake ulikuwa wa noti mkononi na vema kwenye karatasi. Daftari likizama, hakuna anayeweza kuthibitisha nani ameshapokea na nani bado.

Sasa swali la insha: usiku ule mama yako aliogopa nini zaidi, maji au kudaiwa? Na lingine chini yake, ambalo ni gumu: mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwamini na fedha, kwa nini baada ya mafuriko hakuwaomba hata senti watu haohao? Sijui. Naamini na wewe hujui. Ndiyo maana inafaa kuandikwa. Ukianza na jibu tayari, "mama yangu ni shujaa", utaandika kadi ya pongezi.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia mama mdogo kuomba ruhusa. Amekubali daftari litajwe; majina ya wenzake amekataa. Na wewe fanya hivyo kila mara. Riwaya inakuruhusu kumbadilisha shangazi awe mjomba na kuihamisha nyumba kutoka Kariakoo kwenda Magomeni. Insha haikuruhusu kubuni, na watu waliomo ndani yake bado mnakutana nao misibani.

Kuhusu kupeleka, nitasema machache. Mhariri wa gazeti au jarida mwandikie aya moja: swali, kitu cha kushikika, na kwa nini ni wewe wa kuliandika. Kwa riwaya, andaa sentensi zako mbili, muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema hadi mwisho wa hadithi (mwisho usimfiche mchapishaji), na sura za mwanzo zilizosafishwa. Kwanza soma wanachochapisha. Nenda duka la vitabu la Mkuki na Nyota, wapo hapahapa mjini tangu 1991, uone meza zao zina nini. Tuzo ni jambo jingine. Ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania tangu 2022, zinashindanisha kazi zilizokamilika. Wazo peke yake halifiki huko, hata liwe zuri namna gani.

Umeuliza pia kama wataiba wazo lako. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi uliyoiandika, wazo lenyewe halilindwi. Kinga yako ni kuandika. Hata nikimpa mtu mwingine shangazi yule leo, hatakuwa na vitumbua vyako wala korido yako, kwa sababu wewe umekulia kwenye korido ya namna hiyo na unajua nani hulala na mlango wazi. Ukimtaka shangazi, mchukue, ni wako.

Ila anza na insha. Riwaya inaweza kukusubiri mwaka. Kumbukumbu ya mama mdogo inazidi kupungua, hata yeye anasema. Kaa naye leo akishaswali isha, mfungulie daftari kwenye ukurasa wa Desemba 2011, umuulize ni nani alikuwa bado hajapokea maji yalipoingia, na fedha yake ilipatikanaje. Jina usiliandike. Andika ilivyopatikana, kwa maneno yake mwenyewe, kisha unitumie hata kama haijakaa vizuri.

Dada yako