"Hatari ndogo" ni ndogo kwa nani?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa msichana na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari yenu ya Jumanne, ya mgonjwa aliyerudiwa na saratani baada ya kutolewa uvimbe "wa hatari ndogo", imenitoa kimya. Mmeiandika kama muujiza.

Mume wangu alipasuliwa mwaka 2019. Uvimbe wa mfuko wa chakula, sentimita 6, aina ya GIST, yaani saratani inayoota kwenye ukuta wa mfuko wa chakula au utumbo. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yakaja kwa Kiingereza. Daktari akayachungulia akiwa amesimama mlangoni: "Mzee, hatari ndogo, umepona." Tukachinja mbuzi. Hakuna aliyetuambia kwamba uvimbe wa ukubwa ule, hata kama chembe zake zinagawanyika polepole, huwarudia watu watatu au wanne katika kila 100. Wala kwamba ukirudi hupenda kwenda kwenye ini na kwenye utando wa tumbo, na mtu anaweza kulima, kula na kucheka asijue. Kwenye kadi ya kliniki, pale pa tarehe ya kurudi, paliachwa patupu! Nilipouliza kama apigwe picha baada ya mwaka, nesi akanijibu mbele za watu: "Mama, unamtafutia mumeo ugonjwa?" Nikaona haya, nikanyamaza. Mwaka 2023 ini likakutwa na vinundu. Sasa anameza dawa ya saratani hiyo, imatinibu, miligramu 400 kila siku, na daktari mpya anataka kujua chembe zilizokuwa zikigawanyika zilihesabiwa ngapi mara ya kwanza. Faili halionekani.

Na hayo mafaili nayo! Dirisha la 4 wakatutuma la 7, la 7 wakatutuma kwa kijana wa stoo, anayefungua saa nne na kufunga saa sita. Akatuomba nakala ya faili ili alitafute faili. Kiti cha kumkalisha mgonjwa hakuna, ila televisheni ya ukutani ipo, na sauti juu.

Ninachoomba ni muhuri. Wino mwekundu, maneno mawili, HUWEZA KURUDI, na chini yake mstari wa tarehe. Daktari akitamka "hatari ndogo" augonge kwenye kadi hapo hapo, mgonjwa akiona. Fundi mihuri wa sokoni anauchonga kwa bei isiyofika hata mguu wa yule mbuzi wetu. Wino nitanunua mimi.

Msomaji wenu,
Pongwe, Tanga