Barua ya wazi kwa Mjomba: Queen ilikuwa bendi ya mafundi

Mjomba, asalaam aleikum.

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Bombo, na nyumba yote haijambo. Ningeweza kukupigia simu, lakini haya nataka wayasome na wenzangu wa Jumapili, ndiyo maana naandika hadharani.

Wenzangu hao huwajui. Ni watu tunaopenda muziki wa roki wa zamani. Tunakutana Naguru, hapa Kampala, nyumbani kwa mmoja wetu, kila mtu na alicho nacho: huyu santuri, yule kanda, vijana simu zao. Tangu mwezi huu uanze tunaizungumzia Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Mtu anasimulia alikoisikia kwa mara ya kwanza, anamwaga yote anayoyajua, wenzake wanamsahihisha, chai inapoa. Mama mmoja aliiona kwenye kibanda cha video Kawempe, walipomwekea kanda ya tamasha la Live Aid kabla ya picha ya karate. Mwalimu mstaafu anasema wanafunzi wake walikuwa wakigonga madawati kwa mdundo wa We Will Rock You kila shule ikishinda mpira, wala hawakujua ni wimbo wa nani. Ni raha tupu.

Jumapili iliyopita kijana mmoja, mpole na msikivu, akasema Queen ni Freddie Mercury, mwimbaji wake, na wale watatu walikuwa wa kumsindikiza tu. Wengi wakaafiki. Mimi iliniuma, na papo hapo nikaikumbuka meza yako ya kutengenezea redio kule Katwe.

Namwelewa kijana yule. Sisi tunaozungumza Kiswahili tukiitaja Queen tunaanza na Zanzibar, na tuna haki. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kwa wazazi Waparsi waliotoka Gujarat. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu ya wakoloni. Baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza, na huko Farrokh akawa Freddie Mercury. Hayo kila mmoja wetu anayajua kwa moyo, na filamu ya 2018 imeyasambaza hata kwa wasiosikiliza muziki. Ila tukiishia hapo tutakuwa tumeisikiliza robo ya bendi.

Wewe ulinifundisha kuisikiliza kwa njia nyingine. Wateja walipokuletea redio zilizokufa, ukizifungua na kuzipa uhai kwa solda na waya wa redio nyingine iliyokufa kabla yake, deki ilikuwa inapiga pembeni, na ulikuwa ukininyamazisha: "Acha mwimbaji. Sikiliza kilicho chini yake." Sikujua wakati ule kwamba watu waliokuwa chini ya mwimbaji walikuwa wa kazi kama yako.

Chukua gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa Queen. Wenzangu wengi walidhani ni la dukani, la bei mbaya. Kumbe alilitengeneza yeye na baba yake, Harold, kuanzia 1963, kwa sababu magitaa mazuri hawakuyaweza. Shingo ya gitaa ilichongwa kwenye mbao ya ukingo wa meko ya nyumba ya zamani, mbao ya zaidi ya miaka mia moja. Ilikuwa na matundu ya wadudu, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Tumbo lina mwaloni wa meza ya zamani. Vile vidoti vyeupe kwenye shingo, vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kukanyaga nyuzi, ni vifungo vya lulu kutoka sanduku la kushonea la mama yake. Springi zinazolegeza na kukaza nyuzi ni za vali za injini ya pikipiki, na mkono wa kuzichezesha umetoka kwenye kishikizo cha mkoba wa baiskeli, ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia. Hapigii kipande cha plastiki kama wapiga gitaa wengine. Anapigia sarafu ya zamani ya peni sita. Gitaa hilo ndilo tunalolisikia karibu kila mahali katika muziki wao, na ndilo alilopanda nalo juu ya paa la kasri la Buckingham mwaka 2002.

Nilipoyasoma haya kwa sauti Jumapili, yule mwalimu akasimama. Akasema huyo si Mwingereza, huyo ni mtu wa Katwe.

Lakini anayenigusa zaidi ni John Deacon, mpiga besi. Najua ndiye uliyekuwa ukimpenda, ingawa sikumbuki ukimtaja kwa jina; ulikuwa ukisema tu "huyu wa besi ana akili". Aliingia wa mwisho, mwaka 1971, kijana mkimya aliyesomea elektroniki na kufaulu kwa daraja la kwanza. Bendi ilimpenda kwa upigaji wake na pia kwa kuwa alijua kutengeneza mitambo ilipoharibika. Siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuta kwenye pipa la takataka London kibao cha saketi chenye nyaya zinazoning'inia. Akakiokota. Alipofika nyumbani akakitia ndani ya kasha la spika aliyokuwa nayo, akafunga betri ya volti tisa. Hakukuwa na kitufe cha sauti, hakukuwa na swichi ya kuwasha na kuzima: unachomeka betri, inalia. Alikuwa anataka tu kitu cha kufanyia mazoezi.

Brian alipolichomeka gitaa lake la mbao ya meko kwenye kikasha hicho, sauti iliyotoka haikuwa ya gitaa. Ilikuwa kama fidla, mara kama tarumbeta. Walikiita Deacy, wakakiingiza studio. Kwenye Good Company, iliyomo katika albamu ya 1975, A Night at the Opera, mnasikia kikosi kizima cha tarumbeta, tromboni na klarineti cha wapiga jazi wa zamani. Hakuna hata mmoja wao. Ni gitaa na kikasha kile, sauti moja moja ikirekodiwa na kupangwa juu ya nyingine. Miaka mingi baadaye wataalamu walikichunguza wakagundua kwamba saketi ile ilitoka kwenye redio ndogo ya transista ya Supersonic, iliyotengenezwa kusini mwa Afrika. Mjomba, hebu fikiria: redio ya aina ile ile waliyokuletea wateja, waliyokuambia uitupe ukakataa.

Ndiyo maana albamu zao za miaka ya 1970 zilikuwa zikiandikwa kwenye majalada kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachoweza kuiga ala nyingine. Walitaka msikilizaji ajue kwamba kila sauti aliyoisikia ilitoka kwenye mikono na makoo yao. Sintesaiza iliingia 1980, na albamu ya The Game. Kwa Bohemian Rhapsody, Freddie, Brian na Roger Taylor, mpiga ngoma, waliimba saa nyingi kila siku, sauti juu ya sauti, hadi utepe wa kurekodia ukachakaa, unga wake wa sumaku ukabanduka, mtu akaweza kuona upande wa pili. We Will Rock You haina ngoma kabisa: ni watu wachache wakikanyaga mbao za zamani na kupiga makofi ndani ya kanisa lililogeuzwa studio. Brian, ambaye alisomea fizikia na baadaye akapata udaktari wake wa falaki mwaka 2007, akazirudia sauti hizo kwa kuziachanisha kwa vipimo vya namba tasa, ili zisiangukiane. Hivyo miguu ya watu wachache ikawa miguu ya uwanja mzima. Wanafunzi wa yule mwalimu waliirudisha kwenye madawati, ilikotoka.

Freddie naye alikuwa fundi, tusimpunje. Alisomea uchoraji wa michoro ya matangazo Ealing, na nembo ya bendi aliichora mwenyewe: simba wawili wa Deacon na Taylor, kaa wa May, na vichimbakazi wawili wenye mabawa wa kwake yeye, kwa kufuata nyota za kuzaliwa.

Sasa niseme juu ya Another One Bites the Dust, kwa sababu hapa ndipo nilipomshinda yule kijana. Nilimwuliza: kwa nini wimbo huu ukipigwa kwenye harusi Kampala, hata bibi asiyejua roki ni nini anainuka? Masikio yetu yamelelewa na besi. Yamelelewa na Lingala, na gitaa la kadongo kamu, muziki wetu wa gitaa moja, ambalo kidole gumba chake peke yake ni bendi. Wimbo ule Deacon aliuandika kwa namna hiyo: besi mbele, kila kingine kinaipisha njia. Gitaa la kusindikiza pia ni lake. Roger hakuupenda mwanzoni; ngoma zake zilizimwa mlio hadi zikakauka kabisa, kisha kipande kifupi kikazungushwa upya na upya. Michael Jackson ndiye aliyewasihi wautoe peke yake. Mwaka 1980 ukashika namba moja Marekani. Kijana alinyamaza kidogo, akaomba turudie kuusikiliza. Tukaurudia, na safari hii alikuwa ameinamisha kichwa karibu na spika.

Deacon huyo huyo aliandika I Want to Break Free, wimbo uliopendwa sana Afrika Kusini na watu waliokuwa wakipigania uhuru. Na mwaka ule ule wimbo huo ulipotoka, 1984, Queen ikaenda kupiga Sun City, mahali pa starehe huko huko Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewaomba wasanii wote wasikanyage huko kwa ajili ya ubaguzi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Mimi siwatetei. Mtu anayeimbiwa uhuru katika nchi ambayo haimpi usawa amedhulumiwa mara mbili, na mashabiki tusilifiche hilo eti kwa sababu tunawapenda. Brian na Roger walipanda jukwaani Cape Town mwaka 2003 kwa tamasha la Mandela la kupambana na UKIMWI. Nilifurahi kuwaona pale, ila ya 1984 yamebaki palepale.

Kuhusu UKIMWI, sisi wa Uganda tuna sikio letu. Mama wa Kawempe alimtaja mwanamuziki wetu Philly Bongoley Lutaaya, nyumba ikatulia. Mwaka 1989 Lutaaya alisimama hadharani na kusema anaumwa, Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Alikwenda shuleni na makanisani kuwazindua watu na nguvu zikimwisha, akafariki Desemba mwaka huo huo. Freddie alitangaza tarehe 23 Novemba 1991, akafa kesho yake. Mmoja akauliza kwa nini alificha. Nilisema, na narudia hapa: Lutaaya tunamheshimu kwa sababu alichagua jambo zito ambalo hakuna aliyeweza kumlazimisha. Aliyekaa kimya kitandani mwake hatumdai. Ni nyumba ngapi hapa kwetu hazikusema, na majirani wakajua, na wakaleta uji bila kuuliza?

Na hapo ndipo jibu langu kwa yule kijana lilipo, Mjomba, kuliko hata kwenye saketi na vifungo. Wale watatu walijua, na wakaibeba siri ile. Freddie aliwaomba wampe kazi. Huko Montreux, Uswisi, mwaka 1991, aliimba kila alipopata nguvu, akiwaachia sauti ili wao wamalizie. Wimbo wa Mother Love hakuumaliza. Ubeti wa mwisho ameuimba Brian. Walikaa na vipande hivyo, wakavitengenezea muziki, na albamu Made in Heaven ikatoka 1995, miaka minne baada ya mazishi. Msindikizaji hafanyi kazi hiyo. Anayeifanya ni fundi aliyeachiwa kitu cha mwenzake nusu, akajua kila skrubu inakaa wapi.

Deacon hakukaa sana baada ya hapo. Alipiga na wenzake kwa mara ya mwisho Paris, Januari 1997, akarekodi wimbo mmoja zaidi mwaka huo, akarudi kwa mkewe na watoto. Hajapanda jukwaani tena. Mashabiki wengine wanamlaumu. Mimi nadhani alisema yote aliyokuwa nayo, na aliyasema kwa nyuzi nne.

Sasa ombi langu. Tangu ulipofunga meza Katwe umekaa Bombo na maboksi yako chini ya kitanda, na kila nikikuuliza unasema vijana wa leo hawana haja na vitu vya waya. Wanayo. Yule kijana baada ya kuusikiliza tena ule wimbo aliniuliza betri ya volti tisa inawezaje kuisukuma spika, nami sikuweza kumweleza vizuri. Mwalimu ana redio ya transista iliyokufa, anataka tujaribu alichofanya Deacon, na mtoto wa mwenye nyumba ana gitaa. Aliyebaki ni fundi tu.

Jumapili tunaanza saa nane mchana. Teksi ikikufikisha paki mpya nipigie, nitakuja kukuchukua kwa boda. Kanda yako ya The Game usiisahau. Na deki ya Naguru inatafuna kanda, upande wa kushoto, kwa hiyo njoo na solda na ile bisibisi ndogo.