Bonde la mto Adige sio divai na hoteli tu

Mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya utalii kuhusu kaskazini mwa Italia, mmejitahidi kwa kweli, ila bonde la Adige mmelipitia juu juu, theluji kidogo, hoteli, glasi ya divai, basi mmemaliza. Jamani!

Ule mto una kilomita 410, Italia nzima unazidiwa urefu na mto Po tu, unaanzia milimani jirani na mpaka wa Austria unashuka Merano, Trento, Rovereto, Verona mpaka bahari ya Adriatic. Bonde lake lilichongwa na barafu ndo maana chini ni tambarare halafu pembeni milima imesimama wima, na njia ya kutoka Austria kuingia Italia inapita humo humo, sasa jeshi gani lisingelitaka? Napoleon mwenyewe kapigana pale Rivoli mwaka 1797.

Na mlichoruka kabisa ni kwamba miji ya Trento na Bolzano ilikuwa ya Austria mpaka vita ya kwanza ya dunia. Italia ilipoingia vitani Mei 1915, wakazi wa Rovereto wakahamishwa, wengi wakapelekwa huko ndani Austria, mizabibu ikabaki katikati ya mizinga, na vijana wao tayari walishapelekwa kupigana na Warusi wamevaa magwanda ya Austria. Kule juu mlima Pasubio askari wa pande zote mbili walikuwa wanachimba mahandaki chini kwa chini ili walipuane, tarehe 13 Machi 1918 Waaustria wakalipua tani 50 za baruti kwa mpigo mmoja.

Vita imeisha, mkataba wa amani wa 1919 ukawapa Waitalia eneo lote, wakulima wa Bolzano wanashtuka wateja wao wa zamani wako ng'ambo ya mpaka. Ndo maana mpaka leo chupa za huko zinaandikwa Kijerumani na Kiitaliano.

Halafu divai yenyewe mngeieleza basi. Mizabibu mingi inapandishwa kwenye vichanja vya mbao vilivyoinama, majani yanafunika juu, zabibu zinaning'inia chini kivulini, na mchana upepo unatoka ziwa Garda unakausha majani yasishikwe na ukungu. Aina za zabibu nyekundu ziko kibao, kuna Lagrein, kuna Marzemino ya Rovereto, kuna Teroldego inayopenda changarawe zilizoletwa na mto Noce (hii ndo ninayoikubali mimi). Nyie mmeandika "divai nyekundu".

Na ile picha mliyoweka ni ziwa Garda, sio Adige. Mrekebishe.

Msomaji wenu wa siku nyingi